Ng'ombe wa Kwenye Kioo na Maziwa ya Muthara

Kendi, keti vizuri uandike ninavyosema. Usiongeze maneno ya kunipendezesha, wala usiyapunguze yatakayowaudhi wenzako, kwa maana hao ndio ninaowaambia. Umekuja hapa Kiirua kupumzika, na tangu Ijumaa hujapumzika. Umeshinda ukiilalamikia ofisi yenu ya Nairobi, ambako mnatengeneza programu za kompyuta kwa mtindo mnaouita ajaili. Mnasimama kila asubuhi kuelezana mlichokifanya, mnabandika kadi ukutani, na mteja wenu bado hajapata alichokiomba. Unadhani jambo hilo limeanza na ninyi. Mimi nililiona katika miaka ya tisini, kabla mama yako hajakuzaa, na nililiona nikiwa nimevaa gambuti.

Ninyi vijana mtakaosomewa haya, jueni kwanza ni nani anayesema. Sikupelekwa shule, nilipelekwa kwenye maziwa. Nilikuwa mkuu wa mapokezi katika kiwanda cha maziwa hapa Meru, na mitungi iliyotoka Kiirua, Timau na Muthara haikumiminwa tangini kabla sijainusa. Kazi hiyo nilifundishwa na Mzee Gitonga, mtu mkali ambaye hakuwahi kumsifu yeyote, na ambaye hata siku ya kustaafu kwake alitukemea kwa kupika chai nyepesi.

Aliniambia, "Mama Kagwiria, nusa kwanza. Ukishanusa ndipo uulize ni ya nani."

Sikumwelewa mpaka nilipomwona mwenzetu mmoja akiyatazama maandishi kwenye kifuniko, akakuta jina la mkubwa mmoja wa bodi, akausalimu mtungi kama anayemsalimu mwenye mtungi, kisha akaumimina bila kuunusa. Maziwa yalikuwa yameganda. Tangi zima likaharibika kwa sababu ya heshima. Jifunzeni pia, kwa kuwa hamtafundishwa huko mliko, kwamba ng'ombe aliyekula kabichi hawezi kuficha. Harufu hutokea kwenye povu, hivyo pua huwekwa pale povu linapopasuka, na mnusaji hali kitunguu asubuhi. Mimi sikula kitunguu cha asubuhi miaka yote hiyo. Ninyi hamwezi hata kuacha kutazama simu mkiwa kikaoni.

Sasa nieleze kilichotufikisha kwenye kompyuta. Mvua ndefu zikinyesha, nyasi huwa nyingi na kila ng'ombe hujiona ni kisima. Maziwa yaliletwa kupita uwezo wa tangi letu. Kiirua iko karibu, gari lake lilifika mapema na likapokewa. La Timau lilifuata. La Muthara, iliyo mbali kule Tigania, lilifika mwisho, likakuta tangi limejaa, na maziwa yake yakamwagwa. Wanawake wa Muthara walikuwa wamekamua gizani, wakabeba mitungi kwenye tope, ili mimi niyamwage mchana. Laiti wangejua mapema kwamba tungepokea kiasi fulani tu, yaliyobaki wangeyagandisha wauze maziwa lala sokoni, au wangewaachia ndama. Programu ilitakiwa kufanya jambo hilo moja: kila alfajiri ihesabu nafasi iliyopo, iigawe kwa haki, kisha kila kituo kipigiwe simu kiambiwe kiasi chake.

Meneja wetu alitamka mbele ya watu wote, "Mvua ikianza na hiyo programu haijaanza kazi, gari la Muthara nitaliondoa barabarani. Siwezi kununua dizeli ya kubebea maziwa ya kumwaga."

Aliyekabidhiwa kazi hiyo alikuwa kijana aitwaye Kinoti. Alikuwa amerudi kutoka masomoni ng'ambo, mpole, mwenye akili, na mzaliwa wa Muthara. Mwenyekiti wa akina mama wa kituo cha Muthara, Mama Karimi, alikuwa shangazi yake, na Kinoti alikuwa amemwahidi kwa kinywa chake mwenyewe kwamba mvua zijazo hatamwaga hata kikombe. Kumbukeni ahadi hiyo; mengine yote ninayoyasimulia ni kelele iliyofanyika pembeni mwake.

Kinoti alikuja na mtindo wake, ambao wakati ule hatukuujua kwa jina lenu hili. Tuliuita mtindo wa Kinoti. Alisema kazi itafanywa kwa vipande vifupi, kila wiki mbili kipande kimoja kikamilike na kuonyeshwa. Alisema mwenye shida aketi pamoja na watengenezaji, na kwa hiyo mimi nikatolewa mapokezini kila asubuhi kwenda kuwakilisha wenye shida. Alisema pia kwamba kila siku kutakuwa na kikao kifupi, na kwamba hakitakuwa na viti.

"Mtu akiketi anahubiri," alituambia. "Akisimama anasema mambo matatu: jana nimefanya nini, leo nitafanya nini, na ni nini kinachonizuia. Basi, tunatawanyika."

Siku ya kwanza tulifanya hivyo, na chai ilikuwa bado moto tulipomaliza. Siku ya pili mtu akauliza, kwa sauti ya masikitiko, tunawezaje kuanza kazi ya watu bila maombi. Njeru, kijana wa Embu aliyekuwa akisaidiana na Kinoti, akaomba. Aliombea ng'ombe, mvua, taifa, wasafiri, na wagonjwa wa kwao akiwataja mmoja mmoja. Siku ya tatu meneja akaja kutuunga mkono. Meneja hawezi kusimamishwa, kwa hiyo kikaletwa kiti. Naibu wake naye hawezi kusimama nyuma ya kiti cha meneja kama askari wa jela, kikaletwa cha pili. Penye viti viwili pakatakiwa meza, penye meza pakatakiwa chai, na chai haiji bila mandazi. Kisha akachaguliwa katibu. Katibu akaanza kutusomea yaliyosemwa jana, yakathibitishwa, tukaingia katika mambo yanayotokana na yaliyosemwa jana, na kabla ya kufunga tukapata neno la shukrani. Mwishowe aliyesimama katika kikao cha kusimama nilikuwa mimi peke yangu, kwa sababu gambuti zangu zilikuwa zimelowa na hawakutaka nichafue zulia.

Na lile swali la ni nini kinachokuzuia? Mnadhani kuna mtu wa Meru atakayesema mbele ya meneja kwamba kinachomzuia ni meneja? Kila mmoja alijibu, "Hakuna, tunamshukuru Mungu." Njeru alikuwa jasiri kidogo, aliongeza, "Isipokuwa stima kukatika."

Usicheke, Kendi. Andika.

Kinoti alibandika kadi ukutani. Kila kadi ilikuwa kazi moja, na iliyo juu ndiyo ya kufanywa kwanza. Kadi ya Muthara aliiweka juu kabisa, niliiona kwa macho yangu, ilikuwa ya njano. Meneja akaja na yake.

"Kinoti, hii yangu ni ndogo tu. Iweke hapo juu kidogo, halafu muendelee na hiyo yenu."

"Mzee, kipande hiki tumeshakianza. Tukiongeza kitu katikati—"

"Kwani mtindo wako si ule wa kubadilika? Basi badilikeni."

Neno hilo lilimpendeza meneja sana. Alikuwa amesikia kwamba mtindo mpya unakubali mabadiliko, na akaelewa kwamba ameruhusiwa kubadili mawazo kila anapomaliza kunywa chai. Kadi ziliongezeka, zote zikawa za kwanza, zikapanda hadi karibu na dari, na aliyetaka kusoma ya kwanza kabisa alihitaji stuli. Ile ya Muthara ilishuka chini ya zote, nyuma ya birika. Kinoti aliona. Aliyemfundisha huko ng'ambo alimfundisha kila kitu isipokuwa namna ya kumwambia mtu wa rika la baba yake "hapana."

Kadi ya meneja ilikuwa ya ng'ombe. Alitaka mtu akiwasha kompyuta aone kwanza ng'ombe, ili ajue hiki ni kiwanda cha maziwa na si benki. Njeru alijua kuchora, naye akachora ng'ombe mzuri mweusi na mweupe, mwenye kiwele ambacho Mungu hajampa ng'ombe yeyote wa mlima huu. Wiki mbili zilipokwisha, tukaitwa kuona kilichokamilika, na kilichokamilika kilikuwa ng'ombe. Meneja alifurahi kupita kiasi.

"Anaweza kutingisha mkia?"

"Anaweza, mzee," akasema Njeru, ambaye naye alikuwa na ugonjwa huo huo wa kutokataa.

Kipande kilichofuata kikawa mkia. Kipande cha baada ya hapo kikawa sauti, kwa maana meneja aliona si heshima ng'ombe wa kiwanda awe bubu. Walimwendea ng'ombe wa jirani na redio ya kaseti, wakamngoja asubuhi nzima, ng'ombe akawatazama akicheua. Sauti iliyoingizwa kwenye kompyuta ilikuwa ya Njeru mwenyewe. Kila aliyemjua Njeru aliitambua lafudhi ya Embu.

Mimi sikuwa na neno na ng'ombe. Nilikuwa na neno moja tu, na nililisema kila mara tulipoonyeshwa.

"Kinoti, kadi ya Muthara imefika wapi?"

"Imekaribia, mama. Imebaki asilimia kumi."

Wiki mbili baadaye: "Kinoti, Muthara?"

"Imebaki asilimia kumi tu, mama."

Asilimia kumi hiyo haikuongezeka wala haikupungua. Nanyi mnasema vivyo hivyo. Nimekusikia kwenye simu, Kendi, ukimwambia mkubwa wako kwamba kazi imekwisha, imebaki kujaribiwa. Katika kazi yangu maziwa yaliyopokewa ni yale yaliyo tangini, yaliyopoa. Yaliyo garini bado hayajapokewa, hata kama gari limo langoni na dereva anatabasamu.

Kulikuwa pia na kikao cha kutazama nyuma, ambamo kila mtu alitakiwa aseme bila woga ni nini hakikwenda vizuri. Meneja aliketi mbele, akavua saa akaiweka mezani, akasema, "Semeni bila woga." Basi kikawa kikao cha ushuhuda. Mmoja alishukuru kwa uongozi mwema. Mwingine alishukuru kwa mandazi. Njeru alisema lililomsikitisha ni kwamba hatukuwa tumeanza mtindo huu miaka ya nyuma. Nilipofikiwa, nilisema Muthara haijaguswa na mawingu yamekwisha kukusanyika upande wa mlima. Meneja akanijibu, "Asante sana Mama Kagwiria, hilo tutalichukua." Walilichukua kweli, maana sikuliona tena.

Mvua ikaja. Nyasi zikamea, maziwa yakaanza kumwagwa tena, ndipo ikafika siku ya uzinduzi aliyoitangaza meneja. Kilichopaswa kuwa maonyesho mafupi ya wiki mbili kilipata mahema, viti vya plastiki, kwaya, pilau, na mgeni wa heshima, ambaye alikuwa mwenyekiti wa bodi. Kompyuta iliwekwa kwenye meza iliyofunikwa kitambaa cha harusi. Gari la Kiirua lilipokewa, la Timau likapokewa, tangi likajaa. Gari la Muthara likafika likasimama langoni, na ndani yake, kando ya dereva, alikuwa Mama Karimi. Maziwa ya kituo chake yalikuwa yamemwagwa jana yake pia, naye alikuwa ameamua kuja kuiona mashine kwa macho yake.

Ng'ombe akawashwa. Akatingisha mkia, akalia kwa sauti ya Njeru, watu wakapiga makofi. Mama Karimi akainua mkono kutoka nyuma ya hema, kitambaa chake cha kichwa kikiwa kimelowa.

"Maswali ni baadaye, mama," meneja akasema kwa upole wa mtu mwenye wageni. "Baada ya chakula."

"Mwache aulize," mwenyekiti akasema.

"Mimi nauliza kidogo tu. Huyo ng'ombe wenu anatoa lita ngapi?"

Watu wakacheka. Mwenyekiti naye alicheka, kisha akaona kwamba mama huyo hafanyi mzaha.

"Wangu wanatoa," Mama Karimi akaendelea. "Maziwa yao yako pale langoni yanapata joto, na nimeambiwa tangi limejaa. Sasa hiyo mashine, alfajiri tulipokuwa tunakamua, ilijua tangi litajaa?"

Nilikuwa karibu na meza, kwa hiyo nilimsikia meneja akimnong'oneza Kinoti, "Mwambie imebaki asilimia kumi." Kinoti alisimama. Nilimtazama, na niwaambie ukweli, nilidhani ataisema. Midomo yake ilianza kuitengeneza.

"Haijui, shangazi," akasema. "Haijui chochote kuhusu Muthara. Ile asilimia kumi niliyokuwa nikiitaja ndiyo kazi yenyewe, na hatujaianza."

Kwaya, ambayo ilikuwa imeambiwa iimbe mara tu maelezo yakikoma, ikaimba.

Nilikwenda langoni nikanusa mtungi mmoja baada ya mwingine. Hapakuwa na hata mmoja uliosalimika. Mama Karimi mwenyewe ndiye aliyeshika mtungi wa kwanza, akaumwaga mtaroni nyuma ya hema, na wageni wakaendelea kula wakitazama sahani zao. Kinoti alimsaidia kwa mingine, akiwa amevaa suti.

Meneja alimfuata mwenyekiti hadi kwenye gari. Alitaka ruhusa ya kuliondoa gari la Muthara barabarani kuanzia Jumatatu, na ya kuwaita watu wa Nairobi waje na mtindo wa zamani, ule wa kuandika mpango wote kwanza na kuukuta umekosea mwishoni. Mwenyekiti alikuwa mfugaji. Viatu vyake vilikuwa na samadi hata siku hiyo. Akamwita Kinoti.

"Kijana, unataka nini?"

"Nataka kadi moja, mzee. Na mtu mmoja wa kuniambia nikikosea."

"Mtu gani?"

"Shangazi yangu. Mama Kagwiria anayajua maziwa yakishafika hapa. Shangazi anayajua yakiwa bado kule."

"Na mimi?" meneja akauliza.

Kinoti akainamisha kichwa kama mtu anayeomba radhi, lakini alisema. "Wewe, mzee, tutakuita tukishamaliza. Kabla ya hapo, hapana."

Mwenyekiti akampa mpaka mwisho wa mwezi. Ikishindikana, gari la Muthara lingeondolewa, na akina mama wangebaki na mitungi yao.

Ninyi mnapenda kuulizana ni mtindo gani ulio bora. Mtindo ulikuwa uleule. Kadi zilibanduliwa ukutani ikabaki ya njano. Mama Karimi alikuja na gari la maziwa, akaketi kando ya Njeru, na katika asubuhi moja alibomoa yote waliyoyajenga.

"Jumamosi mmeweka maziwa ya nani hapo?"

"Ya watu wote, mama. Tumegawanya sawa kwa siku."

"Wewe mtoto wa Embu, nusu ya kituo changu ni Wasabato. Jumamosi hawaleti. Jumapili ndiyo wanaleta ya siku mbili, na hao wengine wako kanisani. Nani atasukuma mitungi? Ng'ombe wako?"

Njeru akafuta. Akaandika upya, akaonyesha, akaambiwa amekosea kidogo zaidi kuliko mwanzo, akafuta tena. Hayo ndiyo maonyesho: mwenye shida anakwambia umekosea ungali unaweza kufuta bila kulia. Hawakuketi kwa ajili ya vikao, kwa kuwa hapakuwa na la kuhubiri, na meneja alipochungulia mlangoni Kinoti alimsalimia kwa heshima zote akaufunga mlango. Nilimwona akitetemeka alipoufunga. Ninawaambia hili kwa sababu mtindo wenu unahitaji kutetemeka huko zaidi ya unavyohitaji kadi.

Mwisho wa mwezi ulipofika, programu ilikuwa kioo cheusi chenye jina la kituo na tarakimu. Haikuwa na rangi, mkia wala sauti, na iliyajua ya Muthara peke yake. Kiirua na Timau zingengoja zamu. Alfajiri hiyo niliitwa niwepo. Mvua ilikuwa ikipiga mabati kiasi kwamba Kinoti alilazimika kupaza sauti kwenye simu, akiwa amepigia duka la pale Muthara.

"Shangazi, leo leteni mitungi ishirini. Ishirini tu!"

"Na hiyo mingine?"

"Bakini nayo."

"Sawa," akasema Mama Karimi, akakata simu.

Kinoti alibaki ameshika mkono wa simu, akimtazama Njeru, kisha akanitazama mimi, na sikumpa neno la kumfariji, maana maziwa yalikuwa bado hayajafika. Nilirudi mapokezini. Kiirua ikaja, nikanusa, nikapokea. Timau ikaja. Mchana ukakaribia. Gari la Muthara likaingia langoni likiwa na tope hadi milangoni, dereva akazima injini, akashuka taratibu kama alivyozoea, akaanza kufungua mlango wa nyuma upande wa mtaro.

"Nimwagie wapi leo, Mama Kagwiria?"

Nikamwambia awashe injini arudi nyuma mpaka kwenye jukwaa la mapokezi, nami nikaenda kufungua tangi.